Filta Iliyoingia Bila Kulazimishwa

Magomeni, Mtwara
Baada ya adhuhuri

Somoe mwanangu,

Hali yako sikuulizi, maana nakusikia kutoka hapa. Unacheka na mama yako ndani, mnagombania begi, yeye anataka kutia mfuko wa pili wa korosho na wewe unamwambia zipu itapasuka. Mimi niko karakana, nimekalia ndoo ya oili, nimeweka daftari la kazi gotini. Umeshapita mlangoni mara mbili ukaniuliza natafuta nini, nikakujibu natafuta spana ya kumi na tatu. Spana ya kumi na tatu iko mfukoni mwangu. Huo ndio uongo wa mwisho nitakaokuambia, na ni mdogo. Ule mkubwa una miaka tisa.

Mambo ya kula, kuvaa, kupiga simu na kuchagua wa kufuatana naye, mama yako ameshakuambia yote, na atayasema tena kesho mlango wa basi ukiwa unafungwa. Siyarudii. Nina jambo moja tu, nalo sina mdomo wa kulisema ukiwa umenikodolea macho, kwa sababu macho hayo umeyachukua kwa mjomba wako.

Ijumaa ile tulipokaa uani kula pilau ya kukuaga, ulisimama ukasema mbele ya watu kwamba unakwenda Arusha kutunza mashine za kukata majani za uwanja mzima wa gofu, na kwamba huogopi, kwa sababu umefundishwa na fundi ambaye hajawahi kuharibu mashine ya mtu. Watu wakapiga makofi. Mjomba wako Mfaume, fimbo yake katikati ya magoti, akacheka akasema, "Kweli kabisa, aliyeharibu ni mimi." Wakacheka wote. Na mimi nilicheka, Somoe. Mtu anajipaka tope langu usoni mbele ya jamaa zake, nami nakaa pale na sahani yangu ya pilau nacheka pamoja naye.

Kisha akakuita karibu, akakushika mkono. Nilikuwa nyuma yako, nilisikia kila neno. "Mwanangu," alisema, "huko uendako usipande mashine ukiwa umefunga. Mimi najua swaumu ilinifanya nini." Ukamwahidi.

Mjomba wako hakusinzia. Siku ile hakusinzia hata kufumba na kufumbua. Mguu wake ulivunjwa na filta niliyoifunga mimi kwa mikono yangu, na kabla damu yake haijakauka kwenye majani nilikwenda nikaifungua nikaificha. Nimeandika sentensi hiyo, na siifuti.

Kabla ya magharibi nimekusudia kwenda kwake Ufukoni nimwambie mwenyewe. Unajua kesho alfajiri anatakiwa kufanya nini. Katika ukoo wa mama yako hakuna mtoto anayetoka kwenda mbali bila mjomba kumpaka unga wa mtama kwenye paji la uso na kumwombea dua. Nikimwambia leo, huenda asije. Utapanda basi uso mtupu, mama yako atalia, na sababu nitakuwa mimi. Nimejiambia ningoje uondoke kwanza. Lakini najijua. Miaka tisa yote nimekuwa nikingoja, mara harusi ipite, mara jando lipite, mara arobaini ya babu yako ipite. Nami siwezi kuuona mkono ule ukikupaka unga huku mwenye mkono anaamini kwamba yeye ni mtu wa kusinzia kazini. Kwa hiyo nakwenda leo, na barua hii naiandika kwanza ili nisigeuze njiani.

Nikueleze ilivyokuwa. Wakati ule ulikuwa na miaka kumi na mitatu, na uliyoyasikia ni yale tuliyowaambia watoto.

Mfaume alikuwa mwendeshaji wa mashine ya majani kwenye kambi ya wageni, nje ya mji, upande wa kuelekea mdomo wa Ruvuma. Mimi nilikuwa fundi wa kuitwa. Kazi ile yeye ndiye aliyenipatia, kama alivyonipatia mama yako. Wazee wao walisema mimi ni mtu wa ng'ambo, kwa kuwa babu yako mzaa baba alivuka Ruvuma kutoka Msumbiji akiwa na panga na blanketi. Mfaume akiwa kijana mdogo tu alisimama mbele ya wajomba zake akasema dada yangu ataolewa na fundi huyu, na kama hamtaki nitawapeleka mwenyewe kwa kadhi. Huyo ndiye niliyemfanyia.

Mashine yenyewe unaijua aina yake, umezifungua nyingi. Ya kukalia, haina gia. Pampu inasukuma oili, oili inazungusha magurudumu. Ukikanyaga pedeli inakwenda, ukiinua mguu oili hiyohiyo ndiyo inayoishika isiteremke. Breki yake ni ya kuishika ikiwa imesimama. Ikishaanza kukimbia haiikamati. Na bustani ya kambi ile ilikuwa mteremko mtupu, kutoka kwenye vyumba vya wageni mpaka kwenye ukuta wa mawe ya matumbawe kule chini.

Lilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani. Meneja, mtu wa bara, mpole lakini mwenye haraka, alitaka majani yakatwe kabla ya wageni wa Idi. Nilikuwa nimeifungua mashine kubadilisha oili, nikaona filta ya haidroliki, inayochuja oili ya pampu, imechoka. Ya kwake yenyewe ilikuwa haipo mjini, ilibidi iagizwe na kungojwa wiki mbili. Nikaingia duka la spea na filta ya zamani mkononi, kama tunavyofanya mafundi wa hapa wote: unaweka ya zamani kwenye kaunta na kusema nipe kama hii. Muuzaji akanipa moja ya injini ya gari dogo. Urefu uleule, mpira wa mdomoni uleule. Kwenye mashine nikajaribu uzi wa kuifungia kwa vidole, ikaingia bila kulazimishwa, laini kabisa. Hicho ndicho kipimo nilichokuwa nacho, Somoe. Kitu kikiingia bila kulazimishwa ni chake. Nilikuwa na miaka kumi na minane ya ufundi, watu wananiita kutoka hata Masasi, na kipimo changu kilikuwa vidole viwili.

Unakumbuka ulipokuwa na miaka kumi na sita nikakupasulia filta mbili kwa msumeno wa chuma juu ya meza hii hapa? Moja ya haidroliki, moja ya injini, nje kama mapacha. Nikakuonyesha karatasi ya ndani, ya injini imebana, nyembamba matundu yake, na ile nyingine ina matundu ya kupitisha oili kwa wingi. Nikakuonyesha na vali ndogo ya pembeni, ya kupitishia oili karatasi ikishindwa, kwamba kila moja inafunguka kwa nguvu yake. Nikakuambia filta ikikaa kabla ya pampu, pampu inavuta tu, haina nguvu ya kulazimisha. Ukiiwekea karatasi iliyobana inakosa oili, inaanza kuvuta hewa, inalia, inapata joto, na mwisho inaacha kushika magurudumu. Uliniuliza, "Baba, nani anaweza kufunga hii mahali pa hii?" Nikakujibu, fundi mvivu. Ukacheka sana. Ukaiandika kwenye daftari lako, nililiona, fundi mvivu, ukaipigia mstari.

Nilikuwa najisemea mwenyewe, na sikuwa na ujasiri wa kukutazama.

Haya, nikaifunga. Siku ya kwanza mashine ikatembea vizuri. Siku ya pili nilikuwa kambini kutazama jenereta, Mfaume akaja kwangu saa tano hivi, jasho linamtiririka, midomo mikavu ya kufunga. Unajua sisi mashemeji hatuongei bila kutaniana, hata msibani. Akaniambia, "Shemeji, umenifungia mbu ndani ya mashine. Inalia, na mlimani inaishiwa nguvu."

Alikuwa ananieleza ugonjwa wote, mwanangu, kwa maneno machache ambayo hata chuoni kwenu wasingeyapanga vizuri zaidi. Inalia, inaishiwa nguvu, mlimani. Na mimi nikasikia utani peke yake. Nikamjibu, "Mbu yuko masikioni mwako. Swaumu imekuzidi, nenda kalale." Meneja alikuwa amesimama palepale, akacheka. Mfaume naye akacheka, akarudi kwenye mashine.

Bado namwona alivyogeuka na kurudi, bila kinyongo, akijifuta uso kwa shati.

Ilikuwa kesho yake. Sikuwepo, nilihadithiwa na mtunza bustani. Mashine ilikuwa katikati ya mteremko, imeshafanya kazi saa mbili, oili imepata moto. Ghafla ikaacha kushika. Mfaume akakanyaga breki kwa nguvu zake zote, magurudumu yakateleza juu ya majani mabichi. Angeweza kuruka. Lakini chini pale, kandokando ya ukuta, wanawake wawili walikuwa wanaanika mashuka, naye akabaki juu anavuta usukani ili aipeleke mbali nao. Akaipeleka. Ikagonga ukuta kwa ubavu, ikapinduka, mguu wake wa kushoto ukabaki chini.

Hebu fikiri. Mtu aliyesinzia anavuta usukani wakati gani?

Walimpakia kwenye pikapu wakampeleka hospitali, na mimi nikapigiwa simu niende nikaitazame mashine. Niliposikia maneno yale, ilikuwa inashuka ikaacha kushika, nilijua. Sikuhitaji kuiona. Nikawa na njia mbili, ya hospitali na ya kambini, na nikaenda kambini.

Ilikuwa imelala ubavu, haina mtu. Kiatu chake kilikuwa kwenye majani. Nikaiinua kwa jeki, nikaishika filta, imepata moto mpaka ikaniunguza kiganja. Hii alama unayoniulizaga, nikasema ni ya ekzosi ya pikipiki, ndiyo hiyo. Filta ya zamani, ile iliyochoka, ilikuwa bado kwenye boksi langu la vifaa. Nikairudisha. Nikaongeza oili, nikatoa hewa, nikapangusa kila mahali. Kesho yake walipokuja wakaguzi wakaiwasha, ikapanda mlima na kushuka kama kondoo. Wakaandika mashine haina kosa.

Basi wakatafuta kosa mahali pengine. Meneja hakuwa mtu mbaya, alikumbuka tu alichokisikia. Aliwaambia hata fundi juzi yake alisema swaumu imemzidi mwendeshaji. Wakanigeukia wakaniuliza kama ni kweli nilisema hivyo. Nilikuwa nimesema. Nikajibu ndiyo. Ule utani wangu ukaandikwa kwenye karatasi, ukapigwa muhuri, ukawa sababu ya ajali.

Ningekuwa nimeishia hapo, pengine ningeweza kujitetea mbele yako. Lakini baada ya siku nne nilikwenda kumwona wodini. Walikuwa wameshaukata mguu kuanzia chini kidogo ya goti. Alikuwa ameisoma ile karatasi, imo chini ya mto. Akanitazama, akasema, "Shemeji, mimi nakumbuka nilikuwa naona. Naona ukuta, naona mashuka. Lakini wanasema nililala. Labda nililala, nikaota kwamba naona?"

Alikuwa ananiuliza mimi. Hakumwuliza daktari, hakumwuliza meneja, kwa sababu kuhusu mashine aliniamini mimi. Nikamjibu neno moja: inawezekana.

Akaitikia kwa kichwa. Hakuuliza tena mpaka leo.

Sasa umwangalie mjomba wako upya. Unadhani ni tabia zake tu, tunamtania nazo. Hanywi chai, ni kahawa chungu, kikombe baada ya kikombe. Halali mchana hata akiumwa. Msikitini hotuba ikirefuka anasimama nyuma, kwa mguu ule wa bandia, watu wamekaa. Ramadhani ikiingia hashiki hata kisu, shangazi yako mke wake ndiye anayemwita jirani achinje kuku. Binamu yako Rashidi aliponunua bajaji alimwomba baba yake aiwashe mara moja tu, ipate baraka. Akakataa. Alisema mtu wa kusinzia hana baraka ya kumpa dereva. Mpaka leo anakaa kiti cha nyuma na kutazama nje.

Yote hayo yametoka kwenye neno langu moja. Mguu nilimharibia kwa kutojua. Haya mengine nilimfanyia nikiwa najua.

Huko uendako utaulizwa kila siku filta gani ifungwe wapi, na wanaokuuliza watakuwa na haraka kuliko meneja wangu. Uzi ukikubali, hapo ndipo maswali yanaanza. Tazama namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine, siyo ile iliyoandikwa kwenye filta uliyoikuta, maana huenda aliyetangulia alikuwa mtu kama mimi. Jua inakaa wapi, kabla ya pampu au baada yake, karatasi yake inapitisha kiasi gani, vali yake inafunguka kwa nguvu gani. Muuzaji akikuambia inafanana, iache kaunta. Na kama haipo, funika mashine kwa turubai uwaache waseme. Majani yakirefuka hayajamkata mtu mguu.

Hayo unayajua kuliko mimi, umeyasomea. Jambo ambalo hukufundishwa ni hili. Siku moja aliyekaa juu ya mashine atakuja akuambie inalia. Atasema vibaya, au kwa utani, au wakati una kazi nyingine. Zima mashine. Zima kwanza, hata kama unajua ni upuuzi. Na siku utakapokosea, kwa sababu utakosea, utasikia mwili mzima unakuvuta uende kwenye mashine kabla ya kwenda kwa mtu. Nimewahi kusikia mvuto huo na nakuambia una nguvu kuliko aibu, kuliko hata mapenzi. Nenda kwa mtu.

Nimekuandikia haya nikiwa na hofu mbili. Naogopa mjomba wako atanitazamaje. Na naogopa zaidi kwamba ukishasoma utaitazama kila bolti niliyokufundisha kukaza, ujiulize kama nayo ni ya uongo. Bolti ni za kweli, Somoe. Hilo naweza kuapa.

Filta yenyewe sikuitupa. Imo kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya rafu, nyuma ya makopo ya rangi, imefungwa kitambaa. Nimeliteremsha sasa hivi. Nimekusikia unauliza baba bado anatafuta spana tu. Nakwenda. Nikirudi nitamalizia.

*

Nimerudi. Magharibi imenikuta njiani, nimeswali na watu nisiowajua. Naandika hapa mlangoni, bado kuna mwanga kidogo.

Nilimkuta barazani na kahawa yake, Rashidi anaosha bajaji uani. Aliona kopo akaanza, "Umeniletea maziwa, shemeji? Nimekuwa mtoto?" Sikumjibu utani. Nadhani ni mara ya kwanza tangu nimwoe dada yake. Akaweka kikombe chini.

Nilifungua kitambaa nikaiweka filta mbele yake, nikaeleza kuanzia dukani mpaka wodini. Sikuruka kitu. Hakunikatiza. Aliichukua, akaingiza kidole gumba kwenye uzi, akawa anaizungusha polepole.

"Ule mlio," akasema. "Niliusikia kweli?"

"Uliusikia kweli."

"Nikakuambia."

"Ukaniambia, shemeji. Mimi ndiye niliyekujibu upuuzi."

Nilisikia maji ya Rashidi yakimwagika kwenye mchanga. Nilikuwa namwomba Mungu anipige na ile fimbo, angalau hilo liwe limekwisha. Hakunipiga. Alikuwa anatazama miguu yake, ule uliopo na ule wa bandia, kama mtu anayehesabu kitu chake kilichorudishwa.

"Kwa hiyo nilikuwa macho," akasema.

"Ulikuwa macho."

Akamwita mkewe kutoka jikoni, akaniambia, "Sema tena." Nikasema tena, yote, shangazi yako amesimama na mwiko mkononi. Akamwita Rashidi, mikono ina sabuni. "Sema tena." Mara ya tatu nilimalizia kwa kunong'ona, na hakuna aliyeniambia pole. Nilipotaka kuomba msamaha Mfaume aliinua kiganja. "Hilo si la leo," akasema. Mwanangu, sijui ni la lini. Sikuuliza.

Kisha akaniuliza basi lako linaondoka saa ngapi. Nikamwambia saa kumi na mbili asubuhi. Akanyoosha mkono kwa Rashidi bila kumtazama.

"Nipe ufunguo."

Rashidi hakuelewa. Akarudia. Akapewa. Akaenda kwa fimbo mpaka kwenye bajaji, bado inachuruzika maji, akakaa kiti cha mbele, akauinua mguu wa bandia kwa mikono miwili akauingiza ndani. Shangazi yako akaziba mdomo kwa kanga. Mfaume akaiwasha. Ikazimika. Akaiwasha tena, akaipeleka taratibu mpaka kona ya msikiti, tukabaki tumesimama watu watatu hatupumui, akaigeuza, akarudi. Alinipita bila kunitazama. Uso wake ulikuwa umelowa na hakuufuta.

"Kesho nitampeleka Somoe stendi," alimwambia mkewe. "Naendesha mwenyewe. Tayarisha unga."

Basi uwe tayari mapema. Ukimaliza kusoma, mwonyeshe mama yako. Nimemwacha gizani miaka hii yote, na usiku huu nitakuwa hapa karakana akinihitaji kwa lolote atakalotaka kusema. Mjomba wako akifika, mwambie unarudisha ile ahadi ya Ijumaa, haina kazi tena. Mwache akupake unga mwingi kadiri apendavyo. Njiani usimwambie apunguze mwendo.

Filta amebaki nayo. Bajaji inachukua wewe, mama yako na begi. Mimi hakunialika, nami sitaomba. Nitaswali alfajiri nianze safari kwa miguu, na ukifika stendi utanikuta upande wa pili wa barabara.

Baba yako